Njia ya lami kando ya mto Boise: mbona pancha kila wiki?

#1 Binti_Uvira
Wakuu, habari za jioni. Niko Boise, Idaho, huu mwaka wa tatu. Tangu Mei naenda kazini kwa baiskeli kupitia Greenbelt, ile njia ya lami inayofuata mto. Naipenda mno. Saa kumi na mbili asubuhi hakuna gari, unasikia maji tu, korongo amesimama kwenye kina kifupi hashtuki hata ukipita karibu. Nafika kazini akili imetulia.

Shida ni pancha. Tangu katikati ya Julai nimepata SITA. Nyuma mara nne, mbele mara mbili. Lami yenyewe ni laini kama meza, sijaona msumari wala kipande cha chupa. Jana tairi limeisha upepo karibu na Barber Park, nikasukuma hadi nyumbani, nikachelewa kumchukua mtoto.

Baba yangu kule Uvira alikuwa anapakia magunia mawili ya unga, anapita kwenye mawe, na pancha unaisikia mara moja kwa miezi kadhaa. Huku kuna nini? Matairi yao ni mabovu, au kuna kitu nakosea?

#2 Spoki_Moja
Pole dada. Tuambie ukubwa wa tairi, na unajaza upepo kiasi gani. Ukiweza weka picha.

#3 Mzee_wa_Tabora
Upepo mdogo. Sihitaji hata picha. Watu wanabonyeza tairi kwa kidole gumba wanasema "limejaa". Tairi laini likigonga ukingo wa lami, tyubu inabanwa kwenye rimu na kutoboka. Angalia tyubu yako: ukikuta matundu mawili jirani, kama meno ya nyoka, basi ni hilo. Nimeziba pancha Tabora miaka kumi na moja, stendi ya mabasi. Baba yako alikuwa anajaza mpaka tairi linalia ukiligonga kwa spana.

#4 Nyota_ya_Boise
Mzee shikamoo, lakini kwa Boise hapana. Hizo ni *goathead*, "vichwa vya mbuzi". Kila mwenye baiskeli hapa anazijua. Dada, kesho simama pale lami inapoishia na changarawe kuanza. Utaona mmea umelala chini, umetandaa kama mkeka, matawi yametoka katikati kwenda pande zote. Majani madogo madogo yamepangika mawili mawili, ua dogo la njano lenye petali tano. Tunda lake likikauka linapasuka vipande vitano, kila kimoja kina pembe mbili ngumu. Hata kianguke vipi, lazima pembe moja itazame juu.

#5 Kondoo_wa_Dodoma
Subiri kwanza. Hiyo si MBIGILI?

#6 Nyota_ya_Boise
Mbigili ndiyo nini? Mimi nimekulia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, ila jina hilo silijui.

#7 Kondoo_wa_Dodoma
Mwiba wa kuchungia mbuzi huo! Ukienda pekupeku unarudi unachechemea. Tulikuwa tunakaa chini ya mti, mmoja anakushika kisigino, mwingine anang'oa kwa kucha. Tandazo la majani, ua la njano, pembe mbili. Ni yeye.

#8 Mkaguzi
Nathibitisha #5 na #7. Jina la kitaalamu ni *Tribulus terrestris*, na kamusi za Kiswahili zinaujua kama mbigili au mbigiri. Asili yake ni nchi za Mediterania, Afrika na Asia. Marekani ni mgeni. Inasemekana uliingia ukiwa umenasa kwenye manyoya ya kondoo. Idaho wameuweka rasmi kwenye orodha ya magugu hatari ambayo mwenye ardhi anatakiwa kuyadhibiti.

#9 Chukudu_Goma
Kwa hiyo tumesafiri kutoka Kivu, tukakaa kambini miaka, tukapanda ndege tatu, na mbigili imetutangulia kufika Boise 😂

#10 Mzee_wa_Tabora
Marahaba #4. Lakini mbigili Tabora ipo na watu hawapati pancha sita kwa wiki sita. Tairi la Phoenix la zamani lilikuwa nene. Hizi baiskeli za kisasa tairi lake kama karatasi. Narudia: upepo na unene wa tairi.

#11 Binti_Uvira
Asanteni. Mzee shikamoo. Tairi langu limeandikwa 700x35. Upepo najaza psi 40 hivi (kile kipimo cha upepo), pampu ya jirani. Nimekagua tyubu nne nilizohifadhi: tatu zina tundu moja dogo sana, kama la sindano, upande wa nje. Moja tundu liko upande wa NDANI, ule unaogusa rimu. Hakuna yenye matundu mawili jirani.

#12 Spoki_Moja
Sasa tunaongea. Hapo una magonjwa mawili, dada.

Tundu la sindano upande wa nje ni mwiba. Tundu upande wa ndani haliwezi kuwa mwiba, maana mwiba hauwezi kupita kwenye chuma. Hilo ni utepe wa rimu umesogea, tyubu imelala juu ya tundu la spoki. Toa tairi, angalia ule utepe unaofunika vichwa vya spoki. Ukiwa umekwenda upande, ubadilishe. Fundi wengine huziba kwa kipande cha tyubu kuukuu, inafanya kazi.

Halafu fanya hivi kwa hayo matatu mengine. Chukua pamba ndogo, ipitishe taratibu ndani ya tairi mzunguko mzima. Usitumie kidole, utajichoma. Pale pamba inaponasa nyuzi, kuna ncha. Mbigili huvunjika: kichwa kinabaki njiani, ncha ya milimita mbili tatu inabaki ndani ya mpira, huioni kwa macho. Unaweka tyubu mpya, unajaza, siku mbili tatu inatobolewa na mwiba ULEULE wa zamani. Pancha sita zako zinaweza kuwa miiba miwili tu.

#13 Nyota_ya_Boise
Hiyo ya pamba sikuijua. Asante mkuu.

#14 Msafiri_SLC
Mimi niko Salt Lake City, Utah. Jordan River Parkway ina zaidi ya maili 40 za njia, na mbigili tunayo vilevile. Nilivyoona mimi, si njia yenyewe inayokutoboa. Ni pale unapotoka: maegesho ya magari, kiwanja kitupu nyuma ya nyumba za kupanga, kona ya changarawe unapokata njia. Binti_Uvira, unatokaje nyumbani mpaka kufika Greenbelt?

#15 Binti_Uvira
Nakata kiwanja kilichoachwa wazi nyuma ya jengo letu. Ni kama mita 80. Udongo mkavu.

#16 Msafiri_SLC
Ugonjwa umepatikana.

#17 Mkaguzi
Inawezekana, ingawa tusiifunge kesi. Mmea huu unapenda udongo mkavu, wenye jua, uliokanyagwa na usio na majani mengine. Kiwanja kile kinafaa, lakini ukingo wa njia ya baiskeli nao unafaa. Vipande vyenye pembe vinanasa kwenye soli za viatu, kwenye miguu ya mbwa, kwenye matairi yenyewe. Kwa hiyo hata waendesha baiskeli wanausambaza.

#18 Fizi_Mwanamlima
Mimi nasema ni mwinuko. Idaho ni jimbo la milima. Huku juu hewa ni nyepesi, tairi linavimba na kupasuka. Mwenye nyumba wangu alinieleza hivyo.

#19 Mkaguzi
Ndugu, Boise iko mita 820 hivi juu ya bahari. Bukavu iko kama 1,500 na Nairobi karibu 1,800. Kama mwinuko ungetoboa tyubu, Nairobi pasingekuwa na baiskeli. Ni kweli kwamba ukipanda juu tairi linakuwa gumu kidogo, lakini kwa tofauti hii hutaihisi.

Joto na baridi ndivyo vyenye nguvu. Tairi la psi 60, joto likishuka nyuzi 20 za Selsiasi, linapoteza kama psi 5. Ndiyo maana Oktoba watu wanaamka wanadhani wana pancha kumbe ni baridi ya usiku.

#20 Fizi_Mwanamlima
Sawa, nimekubali kwa Boise. Nikihamia kijiji cha juu kabisa tutarudi kwenye mjadala.

#21 Mama_Amani
Habari zenu. Mimi mambo ya psi siyajui. Ninachotaka kumwambia mwanangu Binti_Uvira ni kwamba asikate tamaa. Nimejifunza baiskeli nikiwa na miaka 47, hapahapa Boise, Ann Morrison Park, mabinti zangu wawili wananishika bega huku na huku. Kwetu mlimani mwanamke juu ya baiskeli walimcheka. Wiki ya tatu waliniachia bila kuniambia, nikaenda peke yangu hadi kwenye daraja. Nililia.

Mimi pancha nimepata mara mbili kwa miaka minne. Natembea polepole na katikati ya njia, sishuki ukingoni kamwe.

#22 Chukudu_Goma
Mama hongera sana 🙏 Lakini mkitembea katikati ya njia, sisi wa nyuma tunapitaje?

#23 Mama_Amani
Unapiga kengele mwanangu. Kengele ipo kwa kazi hiyo.

#24 Kaka_Kisumu
Ni ile sheria ya huku: kaa kulia, pita kushoto, na useme kwa sauti kwamba unapita kushoto. Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa nakaa kushoto kama nyumbani Kenya. Nilikaribia kugongana na mzee mmoja chini ya daraja, pale njia inaposhuka na kupinda huoni mbele. Aliniketisha kwenye nyasi akanieleza taratibu kama babu yangu.

#25 Nyota_ya_Boise
Chini ya madaraja mjihadhari pia majira ya kuchipua. Theluji ikiyeyuka mlimani mto unapanda, na vipande vile vya chini vinafungwa. 2017 mafuriko yalifunga sehemu kubwa ya Greenbelt kwa muda mrefu, na kingo zingine zililiwa na maji kabisa. Na kuna vipande ambavyo baiskeli hairuhusiwi hata siku moja, kama njia ya Bethine Church, ni ya waenda kwa miguu tu. Soma vibao.

#26 Kaka_Kisumu
Na Julai na Agosti kuna wale wa maboya. Wanaingia mtoni Barber Park wanaelea hadi Ann Morrison, halafu wanakatiza njia wamebeba mpira mkubwa kichwani, hawaoni kushoto wala kulia.

#27 Mzee_wa_Tabora
Tumetoka kwenye pancha tumefika kwenye maboya. Dada amenunua tairi nene au bado?

#28 Binti_Uvira
Mzee bado, mshahara Ijumaa. Ila nimepitisha pamba kama alivyosema Spoki_Moja. Imenasa mara MBILI, zote tairi la nyuma. Ya kwanza nimeitoa kwa kikatakucha: ncha ya kahawia, fupi kuliko punje ya mtama, ngumu kama mfupa. Ya pili ilikuwa imejificha kwenye mfereji wa tairi, ikabidi nikunje mpira ili itokeze. Nimeziweka kwenye kifuniko cha chupa nimewaonyesha wanangu. Utepe wa rimu nao ulikuwa umekwenda upande, tundu moja la spoki lilikuwa wazi kabisa.

#29 Spoki_Moja
Safi. Na siku zote unapoweka tairi, maandishi ya jina lake yakae usawa wa vali. Ukipata pancha unapima tundu la tyubu liko umbali gani kutoka kwenye vali, unahesabu umbali huohuo kwenye tairi, unamkuta mwiba pale pale.

#30 Lubumbashi_Kinga
Kwetu baiskeli tunaita kinga. Kinga yangu nimeweka ile dawa ya maji ndani ya tyubu, inaziba yenyewe. Nimepita mwaka mzima bila pancha. Mwiba ukiingia SIUTOI, naenda nao mpaka nyumbani.

#31 Spoki_Moja
Ukiwa na dawa, utoe mwiba halafu zungusha gurudumu, dawa ifike kwenye tundu. Ukiuacha, unaendelea kupanua tundu kila ukizunguka. Asiye na dawa ndiye auache mpaka afike nyumbani.

#32 Lubumbashi_Kinga
Mwaka mzima, ndugu. Mwaka mzima na miiba yangu ndani.

#33 Mzee_wa_Tabora
Dawa hiyo inakauka. Siku ukitaka kuweka kiraka, sulusheni haishiki kwa sababu tyubu imelowa. Nimewakatalia wateja wengi.

#34 Nyota_ya_Boise
Kuna njia ya tatu: kung'oa mmea wenyewe. Mji huu una hadi tamasha, Boise Goathead Fest, lilianza 2018. Wiki kabla yake watu wanajaza mifuko ya mbigili na kuileta. Vijana wetu wa kanisani tulijaza mifuko tisa. Ng'oa Juni au mapema Julai, mbegu zikiwa bado kijani. Shika shina katikati, vuta na mzizi, vaa glavu nene. Usitupe kwenye mboji, funga kwenye mfuko weka kwenye taka. Zikishageuka kahawia, ukivuta tu zinamwagika chini.

#35 Mkaguzi
Na ujue hutamaliza kwa mwaka mmoja. Mmea unakufa na baridi, lakini mbegu inakaa ardhini miaka kadhaa ikisubiri. Wamarekani walileta hadi wadudu, fukusi wa kula mbegu na wa kutoboa shina, kuanzia 1961. Kwenye majimbo ya joto walisaidia. Sehemu zenye baridi kali fukusi hufa, mbegu inabaki.

#36 Kondoo_wa_Dodoma
Mbuzi je? Kwetu mbuzi hula.

#37 Mkaguzi
Polepole na hilo. Mifugo ikila mbigili nyingi huweza kuugua, kondoo hasa, ngozi inawaka kwa jua.

#38 Chukudu_Goma
Dada, hiyo pancha ukishaimaliza tupange safari. Kuna njia moja kaskazini, Trail of the Coeur d'Alenes, maili 73, lami mwanzo hadi mwisho, mabonde na ziwa. Na karibu yake kuna Route of the Hiawatha, lami pia, unashuka tu.

#39 Msafiri_SLC
Sahihisho: Hiawatha si lami, ni changarawe. Nimeenda. Maili 15, mahandaki 10 na madaraja marefu 7 ya reli ya zamani. Handaki kubwa lina urefu wa kilomita 2.7, giza totoro, baridi na maji yanadondoka. Bila taa hawakuruhusu.

Coeur d'Alenes ni lami kweli, kutoka Mullan hadi Plummer. Lakini mnajua kwa nini waliweka lami? Ilikuwa reli ya kubeba madini, bonde lile ni la fedha, risasi na zinki. Tuta la reli lilijaa mabaki ya migodi yenye sumu ya risasi. Lami ni kifuniko. Njia ikafunguliwa 2004, inasimamiwa na jimbo pamoja na kabila la Coeur d'Alene. Vibao vinasema usitoke njiani, nawa mikono kabla ya kula, usiache watoto wachezee udongo.

#40 Mama_Amani
Eeh. Mimi wajukuu zangu wote wanachezea udongo.

#41 Msafiri_SLC
Mama, kwenye vituo vya kupumzikia pametengenezwa, meza zipo, unakula pale. Mimi nilienda na watoto wawili, tulibeba maji ya kunawa na sabuni. Tuliona kulungu mkubwa wa huku, *moose*, amesimama majini anakula majani, shingo yote imezama. Mwanangu wa miaka sita hakusema neno hadi tulipofika mjini.

#42 Fizi_Mwanamlima
Lubumbashi na Kolwezi wangefunika reli za madini kwa lami ya baiskeli, watoto wetu wangepona vingi.

#43 Lubumbashi_Kinga
Umesema neno, ndugu. Nimekulia karibu na lundo la mabaki ya mgodi. Tulikuwa tunateleza juu yake kwa vipande vya bati, tunarudi nyumbani weusi. Hakuna kibao hata kimoja kilichotuambia tunawe mikono.

#44 Kaka_Kisumu
Pole ndugu.

#45 Binti_Uvira
Wakuu, nimerudi kuripoti. Nimeweka utepe mpya wa rimu, tairi nene la nyuma, psi 60, na sikatizi tena kiwanja, nazunguka barabarani. Nimeongeza dakika nne kwa siku. Siku KUMI NA TISA bila pancha! Nawashukuru wote, na Mzee shikamoo tena.

Jumamosi nilikwenda na wanangu kung'oa mbigili kwenye kile kiwanja. Mfuko mmoja na nusu. Mdogo alizipanga tano tano mezani, akaziunganisha zikawa tunda zima.

#46 Mzee_wa_Tabora
Marahaba mwanangu. Tairi nene na upepo. Nilisema #3 na #10.

#47 Spoki_Moja
Mzee, pamba na utepe wa rimu.

#48 Msafiri_SLC
Kiwanja.

#49 Nyota_ya_Boise
Au ni Septemba tu, wafanyakazi wa mji na watu wa kujitolea wameshasafisha kingo.

#50 Binti_Uvira
Msigombane bado 😔 Leo asubuhi nimekuta tairi la MBELE limelala, baiskeli ilikuwa ndani ya nyumba usiku kucha, jana ilikuwa nzima. Nimeweka tyubu kwenye beseni la maji: mapovu yanatoka kwenye shina la vali, pale inaposhikana na mpira. Nimepitisha pamba, haijanasa popote.

#51 Lubumbashi_Kinga
Dawa ya maji haizibi pale. Hapo sina la kusema.

#52 Spoki_Moja
Unapojaza upepo, vali inasimama wima au imeinama upande? Na ile pampu ya jirani, mdomo wake unaushikilia kwa mkono mmoja?